Mwacheni mtoto acheze, lakini anawe mikono

Wiki hii tuweke kando kidogo habari za homa na vidonge, tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hatulihesabu kuwa ni la afya, nalo ni mchezo wa mtoto mdogo. Tunamkusudia mtoto wa miaka mitatu, minne na mitano, ambaye bado hajafika darasa la kwanza.

Pita asubuhi katika mitaa ya mji wa Tabora, iwe Isevya, Ng'ambo, Gongoni au Kanyenye. Chini ya miembe utawakuta watoto. Mmoja anasukuma kigari cha makopo, mwingine anapika ugali wa udongo ndani ya kifuniko cha ndoo, na wawili wanagombea kokwa za maembe. Mama akitoka ndani, kitu cha kwanza anachokiona ni nguo iliyochafuka. Atapaza sauti: "Acha uchafu huo, ingia ndani ukasome!" Mtoto ananyang'anywa kopo lake na kuketishwa mkekani na daftari na penseli, aandike "a" mara hamsini.

Mama huyu hana nia mbaya. Anaogopa mambo mawili: maradhi yanayotokana na uchafu, na mwanawe kuachwa nyuma na wenzake. Hofu zote mbili zina msingi. Lakini dawa anayoitumia, yaani kumzuia mtoto asicheze, haitibu hata mojawapo. Katika makala haya tutaeleza kwa nini mchezo ndiyo skuli ya kwanza ya mtoto, na namna ya kuulinda usimletee maradhi.

PEMBE NDOGO BEGANI

Wenyeji wa Tabora hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwingereza Richard Burton alifika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, akiwa na msafara uliotoka pwani kwa njia ile ile ya misafara iliyokuwa ikipita Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji. Katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1860 aliandika kuwa kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba mtoto wa miaka sita au saba alikuwa tayari anabeba pembe ndogo begani.

Hatusemi kwamba biashara ya pembe na ya watumwa iliyopita katika njia ile ilikuwa jambo la kutamaniwa. La hasha. Tunachokitazama hapa ni namna mtoto yule alivyojifunza. Hakukalishwa chini akakaririshwa habari za upagazi. Aliwaona wakubwa, akawaiga, akajaribu na mzigo unaolingana na bega lake, akaanguka, akainuka. Aliuliza maswali na akajibiwa na watu wanaoifanya kazi yenyewe.

Hivyo ndivyo Mwenyezi Mungu alivyomuumba mtoto. Binti anayemfunga mwanasesere wa matambara mgongoni anajifunza ulezi. Mvulana anayepanga vifuniko vya soda kwa rangi anajifunza hesabu kabla ya kujua jina la namba. Na anayecheza bao la vishimo vya mchanga na babu yake anajifunza kuhesabu, kungoja zamu, na kushindwa bila kulia.

DAKTARI ALIYEFUNGUA SKULI YA WATOTO

Si ajabu kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kulisimamia jambo hili kitaalamu katika zama zetu alikuwa daktari. Maria Montessori wa Italia alihitimu udaktari mwaka 1896. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Aliwapa watoto meza na viti vinavyolingana na kimo chao, na vitu halisi vya kushika na kuchagua wenyewe. Miongoni mwa mazoezi aliyoyaweka ni kunawa mikono, kufagia, kumimina maji bila kuyamwaga na kufunga vifungo vya nguo. Kwa hiyo tangu mwanzo usafi ulikuwa ndani ya somo lenyewe.

Leo zipo skuli za kimataifa, zikiwamo za Afrika Mashariki, zinazofuata programu ya elimu ya msingi ya International Baccalaureate, iliyoanzishwa mwaka 1997 na inayowapokea watoto kuanzia umri wa miaka mitatu. Ada zake si za mwananchi wa kawaida. Lakini msingi wa wanachokifanya na watoto wadogo ni rahisi kueleza. Mwalimu haanzi kwa jibu. Huanza kwa swali, kisha humwachia mtoto achunguze kwa macho, mikono na masikio yake.

Tuseme somo ni maji. Watoto watauliza: Maji yanatoka wapi? Kwa nini jiwe linazama na jani linaelea? Maji ya mtungi na ya kwenye sufuria ya bati, yapi ya baridi zaidi? Watapewa beseni, vikopo, mawe na majani wajaribu. Wataeleza walichokiona, watakichora, na ndipo mwalimu ataongeza neno. Hiyo ndiyo inayoitwa elimu ya kuuliza na kuchunguza kwa njia ya mchezo. Sasa tujiulize: katika vitu hivyo, ni kipi kisichopatikana Tabora, Sikonge au Urambo?

MFANO WA NDUGU ZETU WA PWANI

Huenda msomaji akasema hayo ni ya Wazungu na matajiri. Basi tutazame mfano wa Waislamu wa pwani yetu. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan awasaidie katika elimu ya watoto wao. Shida yao inajulikana. Watoto walikuwa wakisoma chuoni vizuri, lakini walipofika skuli za msingi walijikuta nyuma ya wenzao. Mwaka 1986 kazi ikaanza Mombasa chini ya mwalimu Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 ikafika Zanzibar, na mwaka 1993 ikaingia Uganda. Mpango huo ulijulikana kama Programu ya Madrasa ya elimu ya awali, na katika nchi hizo tatu zilianzishwa skuli ndogo zaidi ya 200 zikiwa mikononi mwa jamii zenyewe.

Waanzilishi hawakuiondoa dini ili kuleta mchezo. Walichukua njia ya kujifunza kwa kutenda iliyotoka Michigan, Marekani, ambapo mtoto hupanga anachotaka kufanya, hukifanya, kisha hueleza alichofanya. Wakaichanganya na mafunzo ya Kiislamu, nyimbo na hadithi za Kiswahili, na vifaa vinavyookotwa bure kama vifuu, mbegu, kamba, mikeka na matambara. Walimu wengi walikuwa akina mama wa mitaa hiyo hiyo, waliofundishwa kazi hatua kwa hatua. Kamati za wazazi ndizo zilizosimamia.

Matokeo yake yalipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watoto wa skuli hizo, watoto wa skuli nyingine za awali, na waliobaki nyumbani, katika Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliosoma skuli yoyote ya awali walifanya vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa walipiga hatua kubwa zaidi katika kufikiri na kuelewa.

Na huko Michigan kwenyewe, watoto 123 wa familia maskini walianza kufuatiliwa mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti. Kati yao 58 walipata darasa la awali la namna hiyo na 65 hawakupata. Walipofikia umri wa miaka 40, waliopata darasa hilo walikuwa na kipato kizuri zaidi, wengi zaidi wamemaliza sekondari, na wachache zaidi wamewahi kukamatwa na polisi.

Sisi Waislamu jambo hili halipaswi kutushangaza. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere na wenzake, na Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza. Imepokewa pia kuwa alikuwa na mazoea ya kumtania mtoto mdogo, Abu Umayr, kwa kumuuliza habari za ndege wake. Tazama hapo: mtu mzima mwenye mzigo wa umma mzima anamuuliza mtoto swali juu ya kitu anachokipenda mtoto mwenyewe.

MCHEZO NI AFYA

Tuje kwenye afya hasa. Mtoto anapofika miaka mitano, ubongo wake umeshafikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ujenzi huo unahitaji lishe, usingizi, mazungumzo na mwendo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mtoto wa miaka mitatu na minne lilishauri haya:

Kwanza, ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku, na ndani yake dakika 60 ziwe za kukimbia, kuruka na kutokwa jasho.

Pili, asizuiliwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo.

Tatu, asikae mbele ya televisheni au simu zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Nne, alale saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana.

Sasa linganisha na mtoto anayekalishwa kwenye dawati tangu saa 2 hadi saa 6, akirudi anapewa kazi ya nyumbani, na akilia anapewa simu anyamaze. Vidole vya miaka minne havijakomaa kwa penseli. Vinakomazwa kwa kufinyanga udongo, kutunga shanga kubwa, kukamua nguo na kuchambua mchele. Mtoto aliyecheza hivyo ataishika penseli bila kuchapwa.

Serikali nayo ilishaliona hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliweka elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima kwa watoto wa umri wa kati ya miaka mitatu na mitano, na mtaala wa mwaka 2016 ulisisitiza kujifunza kwa michezo. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayoweka pamoja afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji. Kazi iliyobaki ni yetu wazazi na walimu.

UCHAFU UPI UOGOPWE?

Hata hivyo, yule mama wa mwanzo wa makala haya hakukosea kuogopa. Udongo mkavu ulioshika nguo hutoka kwa maji na sabuni. Cha kuogopwa ni kinyesi, kiwe cha mtu au cha mnyama, kinachofika mdomoni. Mayai ya minyoo hukaa ardhini palipojisaidiwa ovyo na huingia kwa mikono na kucha. Minyoo ya safura hupenya kupitia ngozi ya nyayo za mtoto asiye na viatu. Kichocho humpata anayecheza katika madimbwi na mabwawa yenye konokono wanaobeba vijidudu vyake. Ugonjwa wa macho wa trakoma huenezwa na nzi, vidole na vitambaa vinavyofutiwa uso wa mtoto zaidi ya mmoja. Na msimu wa maembe unapofika, nzi wanajaa, maembe yanaliwa bila kuoshwa na kuhara kunazidi.

Angalia, basi, kwamba hakuna hata ugonjwa mmoja hapo unaosababishwa na mchezo wenyewe. Vinavyosababisha ni choo kisichotumika, mikono isiyonawiwa na uwanja usiofagiwa. Tukimfungia mtoto ndani huku hanawi kabla ya kula, bado ataugua. Na kinyesi cha mtoto mdogo kisidharauliwe kwa kuwa ni "cha mtoto tu". Ni najisi na kinabeba maradhi kama cha mkubwa, kitupwe chooni.

Tusisahau pia kuwa kila Juni na Desemba watoto wa kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A, na waliotimiza mwaka mmoja hupewa dawa ya minyoo. Mpeleke mwanao.

SOMO LA MIKONO MIWILI

Hapa ndipo mchezo na usafi vinapokutana. Ukimwambia mtoto wa miaka minne "nawa kwa sabuni kuna vijidudu", hakuamini, kwani havioni. Mwache achunguze mwenyewe.

Wapake watoto wawili mafuta kidogo ya kupikia viganjani, kisha nyunyiza unga wa mkaa uliosagwa. Waulize: "Mnadhani maji peke yake yatautoa weusi huu?" Sikiliza majibu yao, usiwasahihishe. Mmoja anawe kwa maji matupu na mwingine kwa maji na sabuni, huku wenzao wakihesabu hadi 20. Kisha wote wafute viganja vyao kwa kitambaa cheupe na walinganishe. Watoto wataona weusi uliobaki na wataeleza wenyewe kwa nini sabuni inahitajika. Somo hilo halisahauliki, na jioni utamsikia mtoto akimkemea baba yake mezani.

Faida yake si ndogo. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonesha kuwa kuhimiza unawaji wa mikono hupunguza kuhara kwa takriban asilimia 30.

Pasipo na bomba, tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo karibu na mdomo, litundike kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili fupi za kimo cha mtoto. Funga kamba shingoni mwa dumu na mwisho wake ufunge kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika bila mkono kugusa. Sabuni itobolewe na kutundikwa kwa uzi pembeni. Chini weka kokoto ili pasiwe na tope. Kiwekwe kimoja karibu na choo na kingine karibu na mahali pa kulia. Watoto hukipenda kwa kuwa nacho ni mchezo.

VYA KUCHEZEA NA VYA KUKIMBIWA

Vifaa vizuri havinunuliwi: vifuniko vikubwa vya chupa, kokwa za maembe zilizooshwa na kukaushwa, vifuu, mabua ya mtama, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, mipira ya matambara. Vioshwe kwa maji na sabuni kila wiki na kuanikwa juani. Sanduku la mchanga lifunikwe usiku ili paka, mbwa na mbuzi wasijisaidie humo.

Lakini vipo vya kukimbiwa. Mkoa wetu unalima tumbaku. Makopo na chupa za viuatilifu, hata zikioshwa mara kumi, si vya kuchezea wala kuchotea maji. Majani mabichi ya tumbaku, hasa yenye umande, hupitisha sumu yake kwenye ngozi na kumletea mtu kizunguzungu na kutapika. Sehemu ya kuchumia na kukaushia tumbaku si kiwanja cha mtoto. Hali kadhalika betri kuukuu, sindano, misumari na mifuko ya plastiki viondolewe. Karanga, shanga ndogo na mbegu ndogo asipewe mtoto mdogo, huweza kumkaba. Na kisima au shimo la maji lisilofunikwa karibu na uwanja ni hatari kuliko vumbi lote la Tabora.

KWA WALIMU NA WAZAZI

Mwalimu wa awali au ustadhi wa chuo mwenye watoto wadogo hahitaji jengo jipya ili kuanza. Gawa muda. Robo saa ya kusoma au kuhifadhi, kisha watoto wasimame, waimbe, wacheze, warudi. Tenga kona ya nyumba na kupika, ya kujenga, ya vitabu na picha, na ya maji na mchanga. Udhu wafundishwe kwa vitendo, mmoja mmoja, wakihesabu mara tatu kwa sauti. Hapo watoto wamepata dini, usafi na hesabu kwa pamoja. Kila mmoja awe na kikombe na kitambaa chake. Choo kiwe na tundu dogo la kimo chao, kwani mtoto anayeogopa shimo kubwa atajisaidia nyuma ya ukuta.

Mzazi anayetafuta skuli asidanganywe na rangi ya ukuta, basi la njano wala jina "ya kimataifa" lililoandikwa getini. Aulize haya: Watoto wanacheza nje kwa muda gani? Wananawa wapi, na sabuni ipo? Choo kikoje? Mwalimu anauliza maswali au anachapa? Watoto wanazungumza, au kuna kimya? Darasa la watoto wa miaka minne lililo kimya kama makaburi ni dalili ya hofu, wala si dalili ya elimu.

Na mtoto asiyecheza kabisa, asiyemtazama mtu usoni, au aliyefika miaka mitatu hajaunganisha maneno mawili, asiitwe mpole wala asiambiwe amerogwa. Apelekwe kituo cha afya mapema achunguzwe masikio, macho na ukuaji wake.

Msomaji mpenzi, leo jioni fanya jambo moja dogo. Kaa mkekani na mwanao kwa dakika 20, simu iwe mbali. Muulize anapika nini katika kifuniko kile cha ndoo, na ugali wake umeiva au bado. Akimaliza kukueleza, simameni pamoja mkanawe mikono kwa sabuni, kisha mle.

Wallahu a'alam.